Dakika Moja ya Chumba

Kabla ya kukunja nyaya na kuzima taa
mtu wa sauti huomba dakika moja.
Msiongee. Msisogeze viti. Zimeni friji.
Nainasa sauti ya chumba kisicho na neno,
mhariri apate uzi wa kushonea
pale atakapoyakata mazungumzo.

Ndiyo kazi yangu. Watu huiona kamera;
mimi ni yule nyuma yake, aliyeinua
kitu kama paka aliyekufa juu ya mwanzi.

Tulikuwa Pruitt Fork, West Virginia, mwezi wa tatu,
theluji ya kando ya barabara imegeuka masizi ya sufuria.
Tulishaupiga picha mnara wa mgodi,
mkanda wa kubebea makaa uliokwama na shehena yake ya mwisho,
reli iliyoota magugu, duka la kampuni
lenye madirisha ya mbao.
Picha nzuri mno. Kutu hupendwa na kamera,
haina haya, haiombi kusomewa fomu ya ridhaa.

Kwetu Korogwe makaa ni ya mti:
unajua mti gani, na nani aliukata.
Haya ya kwao tunayaita ya mawe,
na jiwe halina wa kulilia.
Nilifikiri hivyo mpaka siku ya nne.

Delmer Stiltner, kitini, mrija wa oksijeni puani.
"Dari ya mgodi ilikuwa hapa," akaonyesha kiunoni.
Akafikiri. Akaushusha mkono.
"La. Hapa." Gotini.
Miaka thelathini na moja ya kutembea kwa viwiko.
Kampuni ilifilisika mara tatu,
ikafufuka mara tatu, jina jipya, anwani ileile,
na hundi yake ya mwisho ilirudi kutoka benki
siku aliyokwisha kulipia viatu vya mjukuu.

Maren, mwongozaji wetu, akauliza:
"Unauchukia mgodi?"
Mzee akamtazama mkewe, Oleta.
"Ukifunguliwa kesho, nitaulizia buti zangu."
Lori likapita. Maren akamwomba arudie.
Akarudia, neno kwa neno,
ila safari hii alikuwa akimwigiza Delmer,
na sote chumbani tulilijua hilo.

Ndipo nikaomba dakika yangu.
Oleta akachomoa friji. Saa ya ukutani akaifunika kwa taulo.
Na Delmer, mtu wa kufuata maagizo ya msimamizi,
akainama, akaizima mashine yake ya oksijeni.

Nilipaswa kuinua mkono.
Nilikuwa na vipokea sauti masikioni,
na nilichokisikia kilinishika ukosi:
koleo, mbali, ndani ya kifua,
likikwangua changarawe, likipumzika,
likikwangua. Kimya kingi, walisema wahenga,
kina mshindo mkuu. Hawakusema
kwamba mshindo huo unaweza kuwa mdogo hivi,
wa mtu anayejitahidi asikusumbue.

Oleta alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya aproni.
Kwenye arobaini na tisa akainuka
akaiwasha mashine bila kuniangalia.

Mhariri alisema chumba kile ni kichafu.
Chini ya maneno ya Delmer, katika filamu mtakayoiona,
kuna ukimya wa hoteli moja ya Beckley,
chumba namba kumi na mbili, usiku, hakuna mtu.
Sekunde zangu arobaini na tisa ninazo bado.
Sijazifuta. Sijazisikiliza pia.

Mlangoni Oleta alitupa mkate wa mahindi,
bado wa moto, ndani ya karatasi ya bati.
Wengine walikuwa wakipakia gari.
"Kile kimya," akaniuliza, "mtakifanyia nini?"
"Ni uzi tu, mama. Wa kushonea."
Akaitazama mikono yangu muda mrefu,
kama fundi anayekagua mwanafunzi.
"Basi piga fundo," akasema.